"Maji yamezidi, alhamdulillahi": kisa cha membreni nne pwani ya mashariki ya Unguja

Aliyegundua tatizo hili mwanzo alikuwa mpishi, na ulimi wake ulitangulia vipimo vyangu vyote. Mwisho wa Januari, kaskazi imekolea na visima vimeshuka, bi mkubwa mwenye nyumba ya wageni kule mashariki alinipigia simu kuniambia mpishi wake amegoma kupika chai kwa maji ya jikoni. "Chai ina munyu, fundi," alisema. Nyuma yake nikasikia sauti ya mpishi mwenyewe ikimsahihisha: "Si chai, maji! Mwambie maji!"

Nyumba yenyewe sitaitaja, wala kijiji. Ina vyumba vichache, na kisima kimoja kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Anayeijua ardhi ya uwanda ataelewa: udongo kidogo juu, chini yake jiwe lenye matundu, na mvua inayozama humo hukaa kama tabaka jembamba la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwa chini. Ukivuta kidogo unapata maji ya kuoshea. Ukivuta sana, bahari inapanda. Kisima hiki kilikuwa na chumvi ya kama miligramu 4,200 kwa lita, wakati bahari ina karibu 35,000. Hayanyweki, lakini si bahari.

Ndiyo maana waliweka mashine ya kutoa chumvi majini, ambayo sisi mafundi tunaiita aro, kutokana na herufi RO, "reverse osmosis". Maji ya kisima yanakwenda kwenye tangi jeusi la lita 5,000, yanapita kwenye filta ya mchanga, kisha kwenye filta ya makaa, kisha kwenye filta nyembamba ya kushika vumbi, halafu pampu ya presha inayasukuma ndani ya mabomba mawili manene. Kila bomba limebeba membreni mbili, yaani ngozi nyembamba zilizozungushwa, zinazopitisha maji na kuzuia chumvi. Ilipokuwa mpya, kwa presha ya 12 bar, ilitoa lita 1,000 za maji ya kunywa kwa saa na kumwaga lita nyingine 1,000 za maji makali, yaliyobeba chumvi iliyozuiwa. Maji ya kunywa yalikuwa na chumvi miligramu 80 kwa lita. Nakumbuka kwa sababu niliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino juu ya bomba siku ya kwanza, miaka miwili iliyopita, na maandishi yalikuwa bado yanasomeka.

Nilipofika nikachovya kipimo kwenye gilasi. 640.

Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya kama 600 huonekana mazuri mdomoni, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Kwa hiyo 640 si sumu, na wageni hawakulalamika. Wao wanakunywa ya chupa. Ila chumvi ya kawaida huanza kuonjeka kloridi yake ikifika miligramu 200 hadi 300 kwa lita, na hapa ilikuwa imepita. Mpishi alikuwa sahihi. Baadaye aliniambia kwamba alianza kuionja tangu katikati ya Disemba, akaambiwa ulimi wake umezeeka.

Sasa niseme kosa langu, maana kisa hiki hakina faida nikilificha. Nilitazama kalenda, nikaona ni kaskazi, mvua hakuna, na juzi yake ilikuwa bamvua kubwa. Nikamwambia bi mkubwa, kwa sauti ya mtu anayejua: "Kisima kimeingiliwa na bahari. Punguzeni kuvuta, subirini masika." Nikanywa chai yangu (ya maji ya kununua) nikarudi mjini.

Njiani, ndani ya daladala, nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ikanitia aibu. Membreni ile ilipokuwa nzima iliachia kama 1.9 kwa mia ya chumvi: 80 katika 4,200. Kama membreni bado ni nzima na kosa ni la kisima, basi ili nipate 640 upande wa pili, kisima kingelazimika kuwa na chumvi ya zaidi ya 33,000. Yaani kiwe bahari yenyewe. Na kingekuwa bahari, mashine isingetoa hata tone, kwa sababu maji ya bahari yana presha ya osmosisi, yaani nguvu ya chumvi kuyavuta maji yasitoke, ya kama 27 bar. Pampu ya 12 bar haiwezi kuyashinda. Mashine za maji ya bahari hufanya kazi kwa 55 hadi 70 bar, na pampu zake zinapiga kelele kama trekta. Hapa maji yalikuwa yanatoka, tena mengi.

Tena mengi. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama tangu mwanzo.

Kijana anayeangalia mashine anaandika daftari. Ni kaunta buku la skuli, lenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, presha, lita kwa saa, chumvi. Safu ya chumvi ilikuwa tupu tangu Novemba kwa sababu betri ya kipimo chao ilikufa. Lakini safu ya lita aliijaza kila asubuhi bila kukosa. Novemba mwanzoni: 1,000. Katikati ya Disemba: 1,080. Wiki ya pili ya Januari: 1,250, presha 10. Na pembeni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: "Maji yamezidi, alhamdulillahi." Hata umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, aliniambia, ulikuwa unadumu zaidi.

Mashine ya aro haipati nafuu. Inachakaa tu, na karibu mara zote huchakaa kwa kuziba: utelezi wa vijidudu, chokaa, udongo. Ikiziba, presha inapanda na maji yanapungua. Ukiona presha imeshuka, maji yameongezeka, na hakuna aliyegusa koki, basi kuna mahali pamefunguka. Swali ni wapi.

Hapa inabidi nieleze kitu chenyewe ni nini, kwa sababu watu wengi wanadhani membreni ni chujio kama lolote, dogo zaidi. Tuanze na chujio. Ukikamua tui kwa kifumbu, chicha inabaki na tui linapita. Ukitaka tui laini zaidi unatia kitambaa. Kinachoamua ni ukubwa wa tundu. Familia ya membreni inaanza hivyohivyo. Zile zenye matundu ya sehemu ya kumi ya maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na kuendelea hushika bakteria; kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa kama maikromita 2, hapiti. Zenye matundu madogo mara kumi zaidi hushika virusi na protini. Watu waliokaa kwenye kiti cha kusafisha damu wanalijua jambo hili bila kulisoma: ngozi ya mashine ile inaachia urea, molekuli ndogo yenye uzito wa 60, na inabakisha albumini, protini ya damu yenye uzito wa zaidi ya 66,000. Daktari Willem Kolff alipoifanya kazi hiyo Uholanzi mwaka 1943, alitumia ngozi ya kufungia soseji.

Lakini chumvi ni habari nyingine. Chembe ya sodiamu peke yake, imevuliwa nguo, ni ndogo kuliko molekuli ya maji. Kama ingekuwa ni suala la tundu tu, chumvi ingepita na maji yangebaki. Kinachotuokoa ni kwamba sodiamu majini haitembei peke yake: ina chaji, na chaji hiyo inavuta molekuli za maji zikaizunguka kama bi harusi na wasindikizaji wake. Kundi zima halipenyi. Membreni ya aro haina matundu ya kudumu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole. Ni utando wa poliamaidi, aina ya plastiki, wenye unene wa kama nanomita 100 hadi 200, nyuzi zake zimeshikana kwa karibu mno, na molekuli za maji zinayeyuka ndani yake na kupenya kati ya nyuzi hizo. Kitu kidogo kisicho na chaji, kama gesi ya kaboni dioksaidi, hupita humo bila kubisha hodi. Chini ya utando huo kuna tabaka la plastiki yenye vinyweleo na kitambaa cha poliesta, na hizo kazi yake ni kubeba tu. Yaani mashine nzima, pampu na mabomba na matangi, inategemea kitu chembamba mara mia kadhaa kuliko unywele. Watafiti Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, kule California, ndio walioonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba siri ni kuufanya utando uwe mwembamba juu ya mgongo mnene. Kabla yao ngozi zilikuwa zinazuia chumvi vizuri, ila maji yalitoka kwa matone. Yao ilikuwa ya selulosi. Poliamaidi ilikuja baadaye ikaishinda kwa kila kitu, isipokuwa kimoja, nacho ndicho kilichotukuta.

Nilirudi siku ya tatu. Bi mkubwa hakunisema, alinitazama tu. Nikamwambia, "Bi mkubwa, nilikosea, nipe nafasi nyingine." Akasema, "Karibu, lakini chai leo hupewi mpaka useme kweli."

Nilianza na kisima ili nimalize ubishi: 4,350. Kimepanda kidogo, si kitu. Tangi jeusi linapigwa jua mchana kutwa, na maji yakipata joto yanapita kwa wepesi zaidi, kama asilimia 3 kwa kila nyuzi moja. Hiyo ingeeleza sehemu ya lita zilizozidi, lakini si chumvi iliyozidi mara nane. Baada ya hapo nikashuku oringi, pete za kuziba viungo. Membreni mbili ndani ya bomba moja huunganishwa katikati kwa kipande kifupi chenye oringi za mpira, na mpira ukikatika maji makali yanaingia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Ni kosa la kawaida sana, na nilitamani liwe hilo kwa sababu dawa yake ni rahisi. Nikapima kila bomba peke yake. Moja 630, jingine 650. Oringi hazikatiki mbili kwa siku moja kwa kipimo kimoja.

Hata hivyo nilifanya jaribio la mpira mwembamba. Unafungua kizibo cha upande wa maji ya kunywa, unapenyeza mpira mwembamba ndani ya bomba la katikati mpaka mwisho, mashine ikiwa inafanya kazi, kisha unauvuta nje kidogokidogo na kupima maji yanayotoka kila baada ya shubiri. Kama ni oringi, namba inaruka ghafla pale kwenye kiungo halafu inashuka. Hapa haikuruka popote. Lakini ilifanya kitu kilichonifanya nikae chini kwenye ndoo. Kwa kawaida chumvi huwa nyingi zaidi upande wa mwisho, kwa sababu kadiri maji yanavyosogea ndani ya bomba ndivyo yanavyokolea. Hapa upande wa kuingilia ndio uliokuwa mbaya zaidi. Kitu kilichoharibu ngozi hizi kilikuja na maji, na kilipiga kwanza kile kilichokutana nacho kwanza.

Nikamwita kijana. "Mwanangu, tangi hili mnatia nini?"

"Hatutii kitu, fundi. Dawa tu."

Dawa tu. Wakati wa vuli, mvua zilipofurisha vyoo vya kijijini, watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakihimiza maji yatiwe klorini. Walifanya kazi yao sawasawa. Bi mkubwa akanunua kopo la klorini ya unga, ile ya 65 kwa mia, na kijana akaambiwa atie kijiko kimoja cha kulia kila tangi linapojazwa. Gramu 15 za unga ule kwenye lita 5,000 ni karibu miligramu 2 kwa lita. Ni kipimo kizuri kabisa kwa maji ya kisima. Sikuona mzembe yeyote katika habari hii, na ndicho kilichonisikitisha.

Basi na filta ya makaa? Kazi yake ni hiyo hasa: makaa, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, huimaliza klorini kabla haijafika kwenye membreni. Ni filta hiyohiyo inayowekwa kabla ya mashine za kusafisha damu, kwa sababu klorini ya aina fulani ikipita inavunja chembe nyekundu za mgonjwa. Lakini makaa yana mwisho. Haya yalikuwa yamekaa miaka miwili bila kubadilishwa, kwa sababu mwanzoni kisima hakikuwa na klorini na mimi mwenyewe, siku ya kuyafunga, nilisema "haya ni tahadhari tu". Maneno hayo nayakumbuka.

Kipimo cha klorini sikuwa nacho. Nikaazima kwenye hoteli ya jirani yenye bwawa la kuogelea: kichupa cha plastiki chenye vitundu viwili na dawa ya matone. Maji ya tangini yalipotiwa matone matano yalikuwa njano iliyoiva. Nikachukua maji baada ya filta ya makaa, nikatia matone matano, nikatikisa, nikainua kichupa mbele ya ukuta mweupe. Kijana akainama kutazama. Njano ilikuwa hafifu zaidi, lakini ilikuwepo: miligramu 1 kwa lita. Watengenezaji wa membreni hawataki izidi 0.1.

Poliamaidi haivumilii klorini. Kila palipo na hidrojeni kwenye nitrojeni ya mnyororo, klorini inaweza kukaa mahali pake. Nyuzi zilizokuwa zimeshikana zinalegea, na mwisho minyororo inakatika. Mafundi hupima uharibifu huu kwa kuzidisha miligramu za klorini katika lita na idadi ya saa membreni ilizokutana nayo. Membreni nyingi huanza kuharibika kati ya 200 na 1,000. Hapa: miligramu 1, saa 10 kwa siku, siku kama 70 tangu katikati ya Novemba. Mia saba. Hesabu ikakaa kama kifuniko juu ya sufuria.

Kuna jamaa wa mjini aliyemshauri bi mkubwa kwa simu azioshe kwa tindikali kabla ya kununua mpya. Ushauri huo ni mzuri kwa membreni iliyoziba. Hii ilikuwa imeungua, na ngozi iliyoungua hairudi kwa kuogeshwa. Ili aamini, nilichukua moja nikaikata kwa msumeno na kuikunjua juu ya mkeka barazani. Ikatoka kama ukili mpana uliozungushwa bomba: ngozi nyeupe, wavu wa plastiki, ngozi tena, kitambaa, tabaka juu ya tabaka, kiasi cha mita saba na nusu za mraba ndani ya kitu unachokibeba kwapani. Mpishi alikuja kutazama akapitisha kidole. Hakuna utelezi, hakuna chokaa, hakuna rangi. "Mbona safi?" aliuliza. Ndivyo inavyokuwa. Membreni iliyoziba ungeinusa kabla ya kuiona. Hii ilikuwa nyeupe kama sanda, na haifai kitu.

Membreni nne mpya ziliingia wiki iliyofuata, pamoja na makaa mapya. Tulijadili kama tutie dawa ya kuua klorini kabla ya pampu. Ipo, inauzwa, na mitambo mikubwa huitumia. Nikaona ni kopo jingine la kusahauliwa. Badala yake tuliihamisha klorini. Membreni nzima haipitishi kijidudu cha kipindupindu, kwa hiyo hakuna haja ya kuua kabla. Hatari iko baada, kwenye tangi la maji ya kunywa, ambako mtu anachovya ndoo na jongoo anaweza kuanguka. Tangi hilo ni la lita 3,000, na maji yake ni safi kiasi kwamba kijiko cha chai kisichojaa kinatosha kuyapa kama miligramu 1 kwa lita. Kijiko cha kulia kikarudishwa jikoni. Kile cha chai kimefungwa kamba na kutundikwa kwenye msumari, kando ya tangi la pili.

Kipimo chao kina betri mpya, na bi mkubwa ameniamuru nimwachie kijana betri mbili za akiba, kwa gharama yangu. Sikubisha. Nilipewa chai siku hiyo, na mpishi alisimama kunitazama nikinywa mpaka chini ya kikombe.

Wiki mbili baadaye nilipita tena nikafungua kaunta buku. Presha 12. Lita 980. Chumvi 66. Na pembeni kijana ameandika: "Maji yamepungua. Fundi kasema ndivyo inavyotakiwa."